Nyumba na Shamba Vinapouzwa: Maneno ya Mauziano Katika Mji wa Wakulima

Muheza ni mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 35 kutoka Tanga, katika njia iendayo Segera. Reli ya kwanza ya nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, ambayo ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ilifika hapo mwaka 1896. Wenyeji wake wa asili ni Wabondei. Waliofuata kazi ya mkonge walitoka pande nyingi, na lugha iliyowaunganisha wote ni Kiswahili. Nchi yake yajulikana kwa machungwa na minazi, na mji wenyewe hauna mpaka ulio wazi baina yake na mashamba: nyuma ya nyumba za mabati huanza michungwa, na mwenye duka sokoni aghalabu ni mwenye shamba pia.

Katika miji ya namna hii hupatikana matangazo ya namna mbili. La kwanza husema, "Shamba linauzwa", au "Nyumba inauzwa", na chini yake huwekwa idadi ya eka, au ya vyumba, na jina la dalali. La pili, liandikwalo kwa rangi juu ya ukuta wenyewe, na lionekanalo Tanzania nzima, husema, "Nyumba hii haiuzwi". Mgeni hulistaajabia tangazo hili la pili, kwani hajapata kuona watu wakitangaza jambo lisilokuwapo. Lakini lina maana yake. Huandikwa pale ambapo mtu mmoja, ama ndugu ama laghai, amekwisha kujaribu kuiuza nyumba, na mwingine akakana. Kwa hiyo matangazo yote mawili yazunguka swali moja ambalo lugha yenyewe hailijibu upesi: mtu asemapo kwamba anauza shamba au nyumba, auzacho ni kitu gani, na ni nani awezaye kukiuza?

Yafaa kuanza na kitenzi. Neno *uza* limeachwa peke yake katika Kiswahili, lakini katika lugha nyingine za Kibantu mzizi wake ungali hai: Waganda husema *-gula* na Wakikuyu *-gũra*, kwa maana ya kununua. *Uza* ni umbo la kusababisha la kitenzi hicho, yaani kumfanya mtu anunue. Kiswahili kilikiacha kitenzi cha asili kikatwaa *nunua* mahali pake. Maneno mengine ya biashara hii karibu yote ni ya Kiarabu, nayo hayakukaa mahali pale pale yalipokuwa. *Bei* kwa Kiarabu ni tendo lenyewe la kuuza, na *thamani* ndiyo bei. Waswahili wamelifanya la kwanza kuwa kiasi cha fedha, na la pili kuwa ubora au kadiri ya kitu kisichopimika kwa urahisi. Maana ya zamani ya *bei* imebaki katika *biashara*, ambalo ni kuuza na kununua kwa pamoja, na katika *bei khiyari*, itakayoelezwa chini. *Dalali*, *mnada*, *rehani*, *hati*, *milki*, na hata *ardhi*, yote yametoka huko. Hapana ajabu, kwa kuwa makadhi wa pwani ndio walioandika hati za kwanza za mauziano, na sheria yao ilitaka kitu kiuzwacho kijulikane wazi, la sivyo mauziano yabatilika.

Basi *shamba* ni nini? Lugha ya zamani ilikuwa na maneno mengi kuliko yatumikayo sasa. *Weu* ni mahali palipofyekwa pakawa tayari kulimwa. *Konde* ni pale palipolimwa. *Ngwe* ni kipande apimiwacho mtu mmoja akilime. *Kiunga* ni mashamba ya miti yaliyo kando ya mji. *Mahame* ni pale walipohama watu. Maneno haya yalieleza kazi iliyofanywa mahali, wala hayakueleza udongo. *Shamba* limeyameza karibu yote. Unguja na Pemba huwa ni nchi yote isiyokuwa mji, hata mtu husemwa amekwenda shamba ijapokuwa hana hata mnazi mmoja huko. Bara huwa ni kipande cho chote kilimwacho. Muheza maana zote mbili husikika, na katika mauziano huongezeka ya tatu, nayo ni miti.

Jambo la miti ni la kuangaliwa sana. Katika visiwa na katika sehemu kubwa ya pwani, miti yaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Mtu aweza kurithi minazi minne katika shamba la binamu yake, akaiangua, akaiuza, akaiweka wakfu, na asiwe na haki ya kupanda muhogo chini yake. Desturi hii ndiyo sababu ya amri inayojulikana na kila mkulima: aliyeazimwa shamba apande mahindi, mpunga na maharage, asipande mti wa kudumu. Mchungwa mmoja ukipandwa na kuachwa ukazaa, maneno hubadilika. Mwenye ardhi husema, "Nilimwazima," na mwenye mti husema, "Mti ni wangu, mimi ndiye niliyeupanda," na wote wawili husema kweli.

Juu ya hayo, matunda nayo huuzwa mbali na mti. Mkulima aliyepatwa na shida, kwa ada ya shule au kwa ugonjwa, huuza machungwa yangali mabichi juu ya miti, na mnunuzi huwa mwenye matunda ya msimu ule. Sheria ya Kiislamu huyakataa mauzo ya matunda kabla hayajaonyesha dalili ya kuiva, kwa kuwa hapana ajuaye yatakayosalimika. Lakini mahitaji ya watu yamekuwa na nguvu kuliko katazo. Maneno "Nimeuza machungwa yangu", basi, yaweza kuwa matunda ya mwaka mmoja, au miti yenyewe kwa miaka yote. Katika mazungumzo hali huonyesha maana. Katika karatasi iliyohifadhiwa sandukuni miaka 20 hali haipo tena.

Nyumba ina mgawanyiko kama huo. Mombasa kwa miaka mingi kumekuwa na maelfu ya watu wenye nyumba zao wenyewe juu ya ardhi ya wengine, nao humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Hali hii huitwa nyumba bila ardhi. Mtu huijenga nyumba, huipangisha, huirithisha, huiuza, na mnunuzi huingia mahali pake katika kulipa kodi. Sheria ya Kiingereza, ambayo hukihesabu kila kilichoshikamana na ardhi kuwa ni sehemu ya ardhi, haikuielewa hali hii kwa urahisi, nayo imewaweka wenye nyumba katika hofu ya kuambiwa siku moja waondoe mawe yao. Kiswahili hakikuona taabu: *nyumba* ni moja, *kiwanja* ni kingine, na kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe.

Neno *kiwanja* lenyewe lina historia ya kufaa. Latokana na *uwanja*, mahali peupe, na Mswahili anaposikia kiwanja huona pahali patupu panapongoja kujengwa. Ndugu yake katika Kihaya ni *kibanja*. Lakini kibanja cha Mhaya si patupu hata kidogo. Ni nyumba pamoja na migomba na mibuni inayoizunguka, pamoja na makaburi ya wazee. Katika Uganda kibanja kimekuwa neno la sheria: ni haki ya mkulima anayekaa juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine, na sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928 iliweka kadiri ya malipo aliyopasa kumpa mwenye ardhi. Mwenye kibanja akiuza, huuza kukaa kwake, nyumba yake na migomba yake; mwenye mailo hubaki na mailo yake. Neno moja la asili, basi, limekuwa pahali patupu katika lugha moja, na maskani kamili ya ukoo katika nyingine. Mhaya auziwaye "kiwanja" Muheza, au Mswahili anunuaye "kibanja" Bukoba, hana budi kuuliza mara mbili.

Juu ya desturi hizi zikaja serikali. Amri ya Wadachi ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni ya Dola, na kwa njia hiyo mashamba makubwa ya mkonge yakapatikana katika nchi za Wabondei, Wazigua na Wasambaa. Sheria ya Ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikalia tu. Baada ya uhuru, mwaka 1963, hati za milki ya daima, ambazo nyingi zilikuwa za walowezi, zilibadilishwa kuwa za upangaji wa miaka 99, na mwaka 1969 nazo zikageuzwa kuwa haki ya kukalia. Fikira iliyotawala ilikuwa kwamba ardhi tupu haina bei. Kilichoweza kuuzwa ni jasho la mtu: nyumba aliyojenga, kisima alichochimba, miti aliyopanda. Yafaa kutambua kwamba fikira hii haikuwa ngeni kwa mkulima wa Muheza, ijapokuwa iliandikwa na wanasheria. Ilikaribia sana desturi yake ya kutenga mti na udongo, kuliko sheria yo yote iliyotangulia.

Lakini watu waliendelea kununua viwanja vitupu, na ili sheria isivunjwe waziwazi hati zilitaja kibanda kilichoanguka au michungwa mitatu, na bei yote ikawekwa juu ya hivyo. Lugha ya hati ikawa ni lugha ya kuficha. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zilikiri kwamba haki katika ardhi ina thamani yake. Na marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua mlango wa kuuza ardhi isiyoendelezwa. Hata hivyo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kwa usemi wa sheria, atangazaye "ardhi inauzwa" ametangaza kitu asichokuwa nacho. Alicho nacho ni haki ya kuimiliki. Katika kijiji haki hiyo huandikwa katika hati ya hakimiliki ya kimila, na kuihamisha kwataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mji mdogo wenye sehemu za mji na vijiji pamoja una taabu ya pekee hapa, maana shamba lililo upande huu wa barabara laweza kuwa chini ya sheria moja, na la upande wa pili chini ya nyingine, na dalali mmoja huyatangaza yote kwa maneno yale yale.

Kipimo nacho ni jambo la lugha, ingawa wengi hulidhani kuwa ni la hesabu. *Eka* ni neno la Kiingereza, na eka moja ni yadi za mraba 4,840, yaani mita za mraba 4,047 hivi. Wakulima hawana kamba ya yadi, wana miguu. Kwa hiyo eka ikafahamika kuwa ni hatua 70 kwa hatua 70. Ikiwa hatua ni yadi kamili, kanuni hii ni nzuri mno: hupatikana yadi za mraba 4,900, na ziada ni 60 tu. Lakini hatua ya mtu wa makamo juu ya ardhi yenye mawe yaweza kuwa sentimita 75, na hapo upande wa shamba huwa mita 52 na nusu, na shamba zima mita za mraba 2,756, ambazo hazifiki hata sehemu saba katika kumi za eka. Kwa upande wa pili, tangu watu walipozoea mita, wengi husema kwamba eka ni mita 70 kwa 70, kana kwamba hatua na mita ni jina moja; nazo mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, zaidi ya eka kwa sehemu moja katika tano. Tofauti baina ya eka ya hatua fupi na eka ya mita ni mita za mraba 2,144. Katika mji ambapo kiwanja cha nyumba huuzwa kwa kipimo cha 20 kwa 20, tofauti hiyo ni viwanja vitano na zaidi. Watu wawili waaminifu, basi, waweza kuandikiana "eka moja" mbele ya mashahidi, na mmoja akatoka na viwanja vitano ambavyo mwenziwe hakuviuza.

Kwa hiyo wazee hawakutegemea kipimo. Walitegemea mipaka na majirani. Hati za mauziano za vijijini zina muundo wake, ambao umekuwa kama fasihi ndogo. Muuzaji hujitaja jina na kusema kwamba ameuza kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu. Kisha huja mipaka: kaskazini shamba lapakana na la fulani, kusini na la fulani, mashariki mto, magharibi barabara. Kisha bei, kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha mashahidi wa pande mbili, na mwisho muhuri wa ofisi ya kijiji au ya mtaa. Mpaka wenyewe huonyeshwa kwa minyaa au kwa safu ya mikonge, na huko Kilimanjaro kwa masale. Kosa la muundo huu ni kwamba majirani hufa na mashamba yao huuzwa, na baada ya kizazi kimoja hati huwataja watu wanne wasiojulikana na mtu ye yote.

Maneno "kwa hiari yangu" yana uzito kuliko yaonekanavyo. Mwenye kusema "yangu" husema kwa niaba ya nani? Wakulima hutenga *shamba la ukoo* na *shamba la kununua*. La pili mtu huliuza apendavyo. La kwanza ni amana aliyoachiwa, na ndugu hupashwa habari kwanza, ili anayeweza alinunue lisitoke nje. Sheria ya Kiislamu ina haki iliyo karibu na hiyo, iitwayo *shufaa*. Lakini kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, shufaa ni ya mshirika katika mali tu, wala si ya jirani kama wasemavyo Wahanafi, na wala si ya ndugu kwa sababu ya undugu wake. Mara nyingi watu huichanganya desturi na shufaa na kudai kwa jina la dini kile ambacho ni mila.

Mke ndiye aliyesahauliwa zaidi na muundo wa hati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili, na siku hizi hati iliyoandikwa vema huwa na mstari wa saini yake. Lakini tamko la kaida, "Mimi fulani nimeuza nyumba yangu," halina nafasi ya mtu wa pili, na kitenzi kimefungwa katika nafsi ya kwanza ya umoja. Maandishi mengi ya "Nyumba hii haiuzwi" chanzo chake ni hapa: mume ametia saini, mke hakuambiwa, na ukuta ndio karatasi pekee aliyokuwa nayo.

Swali la mwanamke kuuza mwenyewe lilifika Mahakama Kuu, Mwanza, na kuamuliwa mwaka 1990. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wasia wa baba yake. Alipozeeka, akiwa hana wa kumtunza, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake alishitaki, akitegemea sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo zilimpa mwanamke haki ya kutumia shamba la ukoo maisha yake lakini zikamkataza kuliuza. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba katazo hilo lilikuwa la ubaguzi na lilipingana na Katiba, na mauzo yakasimama. Kwa mchunguzi wa lugha, ajabu ya kesi hii ni namna kitenzi kimoja kilivyogawanywa: katika mila hiyo mwanamume *huuza*, na ndugu wakikasirika hukomboa, mwanamke hakuwa na kitenzi hicho hata kidogo, alikuwa na *kutumia* tu.

Imebaki *rehani*. Asili yake ni kitu kiwekwacho dhamana, na mwenyewe hubaki mwenyewe. Neno *poni*, lililotoka kwa Kiingereza, ni la dukani zaidi, kwa saa na mikufu. Shamba huwekwa rehani. Lakini pwani palikuwapo pia *bei khiyari*: mtu alimwuzia mwenye fedha shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha kwa muda waliopatana atalipata tena, na kwa muda huo mnunuzi alikula matunda. Kwa jina ilikuwa bei. Kwa kazi ilikuwa mkopo wenye faida, na faida yenyewe ilikuwa nazi au karafuu. Wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba walizama katika madeni, na mwaka 1934 serikali ya huko ilitoa amri ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa watu wengine pasipo idhini.

Bara hapakuwa na kadhi wa kuandika khiyari, lakini jambo lenyewe lilikuwapo, na lingali lipo chini ya maneno mepesi kuliko hayo. Mkulima husema, "Nimempa fulani shamba langu kwa laki tano." *Kumpa* si kuuza, wala si rehani, wala si kukodisha, ni kitenzi cha adabu kinachomsitiri mwenye shida asionekane kwamba amefilisika. Fulani huvuna machungwa mwaka baada ya mwaka. Akifa mmoja wao, watoto wa huyu hudai kwamba baba yao alinunua, na watoto wa yule kwamba baba yao aliazima fedha na shamba likashikwa mpaka zirudi. Sheria ya mwaka 1971 huweka miaka 12 kuwa mwisho wa kudai ardhi iliyotwaliwa na mwingine. Lakini aliyeingia kwa rehani aliingia kwa idhini ya mwenye shamba, wala hakulitwaa, na hapo hesabu ya miaka haianzi kama ilivyo kwa mvamizi. Kwa hiyo Baraza la Ardhi la Kijiji likijaribu kuwapatanisha, au shauri likifika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, swali la kwanza halihusu mipaka wala bei. Wazee waliokuwapo huitwa mmoja mmoja, wakaulizwa ni kitenzi gani kilichotamkwa siku ile fedha zilipohesabiwa.